Ritifaa

Kamati ilitaka pembe.
"Zile za barabarani," alisema Shufaa,
"mtu akiziona tu ajue kongamano ni la Mombasa."
Mwingine akataka mnazi. Mwingine ubongo
wenye nyaya, unaowaka samawati.
Nikaandika yote. Nikanywa chai yao ya tangawizi.
Nikarudi Tudor na daftari limejaa vitu
ambavyo kila mtu keshavichora.

Siku tatu, skrini nyeupe.
Umeme ukikatika naiona sura yangu kwenye kioo cheusi,
ukirudi, weupe ule ule.

Basi nikaanza na kazi ya punda: beji.
Majina mia mbili na kumi na nne katika jedwali,
Kadzo, Bwanaheri, Nuswaiba,
nikayamwaga ndani ya fonti niliyoinunua kwa dola,
fonti nyembamba, yenye adabu, iliyosomea mbali,
ikayapanga kama kadi za harusi
mpaka ilipofika kwa Mwang'ombe Mwakio,
fundi simu, Kongowea.

Hapo ikakwama.
Mwang□ombe.
Kisanduku kitupu katikati ya jina la mtu,
pengo la jino lililong'oka,
na hata kung'oka fonti haikuweza kukuandika.
Nikajaribu ng'ambo: hakuvukiki.
Nikajaribu ng'aa: giza.
Nikajaribu ng'ang'ania,
nikapata vishimo viwili.

Nikamkumbuka Bi Tunu, darasa la sita,
aliyetukata nusu alama kila tulipoisahau.
"Ritifaa!" na chaki ikivunjika ubaoni.
"Ng'oa, wewe unang'oa jino.
Ngoa, yenyewe ndiyo inayokung'oa wewe."
Tulicheka bila kuelewa.
Nilikuja kuielewa ngoa baadaye, peke yangu,
lakini hayo si ya shairi hili.

Usiku ule niliichora kwa mkono,
kubwa kama ngumi, wino mweusi, karatasi ya kufungia sukari:
tone lililoanza kuanguka likaghairi.
Nikachora nyingine. Arubaini na kitu.
Zote zilikuwa na mkia, hakuna mkia uliofanana.

"Hiki nini?" wakauliza.
"Mavi ya mjusi," akasema Jefwa,
na meza nzima ikacheka, na mimi nikacheka.
Kisha nikawaomba, mmoja mmoja: semeni ng'ambo.
Wakasema. Sauti ikapita nyuma ya pua,
mahali ambapo hakuna herufi iliyowahi kukaa peke yake.
Shufaa akajigusa koo, kama aliyepoteza kipini.
"Zile pembe," akasema, "ziweke kwenye risiti."

Mwembe Tayari, kwa Vishram,
zambarau yangu ikatoka mashineni bilingani.
Nikalalamika. Hakuinua hata macho:
"Skrini ni taa. Karatasi ni karatasi.
Mimi siuzi taa."
Stika zikajikunja kwa jasho la mji kabla hazijafika Tononoka,
na bango likatobolewa mashimo manne
moja likiwa juu kidogo kuliko wenzake.
Mpaka leo nikiiona picha ile, naliona shimo tu.

Asubuhi ya kongamano nilisimama karibu na meza ya beji
nikijifanya natafuta kalamu.
Mwang'ombe akaja. Kijana mrefu, vidole vina lehemu.
Akaichukua yake, akaitazama,
akapitisha kidole gumba juu ya jina,
akaivaa.
Akauliza soketi ya chaji iko wapi.

Ni Mbeyu, askari wa lango, aliyekuja mwisho,
hakuwemo katika jedwali la mtu yeyote.
Nikamwandikia kwa mkono, taratibu, herufi tano.
Akaisoma. Akayatazama mabango, kisha fulana, kisha mimi.
"Langu halina hicho kidude?"
"Halina, dada. Jina lako halikihitaji."
"Nitilie."

Nikageuka kuangalia nyuma,
kama vile Bi Tunu angekuwapo,
nikakitia mwishoni, juu,
pale ambapo hakina kazi kabisa.