Kijivu Namba Tatu

Miaka kumi na tisa nimekuwa nikiifuta São Paulo.
Siyo yote. Kuta zake tu, tena zile zinazofikika.
Alfajiri tunapakia ndoo kumi na mbili garini,
kijivu namba tatu, rangi ya manispaa,
rangi ya maji yaliyooshea sufuria,
mimi na Jurandir na redio yake
isiyoshika stesheni moja kwa dakika tano.

Usiku vijana huandika, asubuhi sisi hufuta,
jioni ukuta u mtupu kama daftari jipya,
na daftari jipya, nani asiyejua, humwita mwenye kalamu.
Jurandir husema: hao ndio wanaotulipa mishahara.

Michoro huwa naihurumia.
Kule Cambuci yuko bibi mwenye uso wa samawati,
mpana kuliko nyumba tatu, anamenya chungwa.
Huyo niliambiwa nimwache, ana kibali.
Lakini yale maandishi marefu, meusi,
yaliyokonda kama mbavu za mbwa,
yanayopanda ghorofa kwa ghorofa bila ngazi,
hayo yalikuwa uchafu, nami nilikuwa fagio.

Machi, Wellerson alianguka.
Ghorofa ya kumi na moja, jengo la ofisi lililokwisha kuhamwa,
nyuma ya soko la maua.
Rola ilikutwa juu, kiatu kimoja chini.
Herufi tano zimetimia, ya sita imekatika
kama mtu aliyeitwa akiwa katikati ya sentensi.

Agizo likaja, karatasi moja, mihuri miwili: yaondolewe.

Tulipofika, mama yake alikuwa ng'ambo ya barabara,
mfuko wa mkate mkononi, sare ya jikoni ya hospitali.
Dona Zoraide. Hutoka Grajaú, mabasi mawili na treni,
kila Jumanne, siku yake ya mapumziko.
Hakulia. Hakuniomba nisifute.
Aliuliza tu: "Wewe unayeshinda na maandishi haya,
hebu nisomee. Pameandikwa nini?"

Nikainua macho.
Miaka kumi na tisa. Ndoo ngapi, Mungu wangu.
Na sikujua kusoma hata herufi moja.

"Ni jina lake," nikasema.
"Lipi? Alikuwa nayo matatu."
"Lile ulilompa wewe."
Akanitazama kama mtu anayehesabu chenji
akijua kabisa imepungua,
kisha akaifumbata, akaitia mfukoni.

Juu, kwenye kamba, ukuta ulikuwa na joto.
Kwa karibu hakuna neno. Kuna weusi tu, upana wa rola,
na chembe za vumbi zilizogandia ndani yake.
Nikanyoosha mkono kupima:
kila mstari unaishia pale mkono wake ulipoishia,
mfupi kuliko wangu kwa shubiri moja.
Rangi ilipomkaukia, alichovya tena.
Alipochovya, tone likateremka ghorofa mbili.
Kwenye herufi ya nne pana alama ya kiganja. Alijishikiza.
Niliweka changu juu yake.
Sijui kwa nini nawaambieni hili.

Chini, Jurandir alipiga mluzi: muda.

Kila mpakaji anajua: ndoo moja, maji nusu lita.
Siku ile nilitia lita sita.
Kijivu kikashuka juu ya herufi kama uji wa mgonjwa,
zikapotea, zote, hata ile iliyokatika.
Kwenye fomu nikaandika *imekamilika*, nikatia saini.

Sasa ni Desemba. Mpwa wangu,
ambaye kucha zake sizikagui tena,
ananifundisha herufi zao juu ya karatasi ya kufungia mkate.
Nimeijua ya kwanza, na ya tatu.
Nimemwambia atulie hapo kwanza.

Mawingu yamejaa upande wa Jaraguá.
Mvua ya hapa haidondoki, inamwagwa.
Jurandir ananiuliza mbona natazama juu
kama mkulima.
Namwambia hamna kitu.
Kesho ni Jumanne.