Ovahoo, Kizota

Injini ya Korola iliyopinduka
tuliinunua Manyoni, imevikwa gunia la uwele.
Ndahani akaifungua juu ya turubai;
nati zikalala ndani ya dizeli.

Silinda zimelika. "Twende saizi ya pili,"
akasema, kama fundi cherehani
anayempima mtu aliyenenepa.
Tukachonga bloku, tukasaga valvu kwa mkono,
hedi tukaipunguza unywele mmoja:
hewa ibanwe, ikasirike.

Vumbi la Kizota halina adabu.
Pistoni tulizivalisha ringi usiku,
mlango umezibwa kwa khanga ya mkewe.

Alfajiri ikakohoa. Ikakohoa tena.
Halafu ikanguruma, kuku wa jirani wakahama.

Ndahani hakucheka.
Akaweka kiganja juu ya hedi,
akasikiliza kwa mkono.
"Bado inajifunza.
Mlima Sekenke utaiuliza mwezi ujao."