Mkono Mtupu

Jumanne, Swansea, ghorofani juu ya duka la dobi.
Chini mashine zinazungusha mashuka ya hoteli
na sakafu inanguruma kidogo, kama paka aliyeshiba.
Natandika godoro jembamba. Nawasha hita.

Wanida alinifunza: anzia miguuni.
Acha ubabe wa bega, egemeza uzito wa mwili,
ngoja pumzi yake itoke, ndipo uingie.
Nikamwambia kwetu neno ni moja,
kukanda unga, kukanda mtu.
Akacheka. Basi, akasema, nusu unaijua.

Leo ni Gethin, miaka thelathini na moja kwenye usukani wa basi.
Kisigino chake kimekauka kama ukoko.
Goti linalia ko!
naye anaomba radhi,
eti goti si lake, aliazima.
Nakunja. Navuta. Dole gumba linapanda muundi
taratibu, likitafuta palipoziba.

Kisha sehemu ninayoionea haya:
viganja juu ya kifua bila kugusa,
nafasi ya kupita karatasi.
Mkono mtupu haulambwi, mama aliniambia kwenye simu,
wewe unauuza?
Sikuwa na jibu. Nahisi joto.
Huenda ni la hita.

Chini, mashine inasimama.
Machozi ya Gethin yanateremkia masikioni.
Hanielezi. Simuulizi.
Namfunika blanketi, namwekea chai ya tangawizi,
naenda kuhesabu taulo zilizokwisha kuhesabiwa.

Anashuka ngazi bila kushika reli,
halafu anakumbuka,
anaishika.