Mabega Chini ya Magoti

Gurudumu moja, kilo ishirini na nne.
Halina usukani, halina kiti,
lina betri, pedeli mbili na kiburi.
Ukiinama mbele, linakwenda.
Ukijivuta nyuma, linafikiria kwanza.

Mgongoni nabeba meno.
Usicheke. Seti tano, sita kwa siku,
kutoka maabara ya Shikuku kule Ngara
hadi kliniki za Hurlingham na Dagoretti Corner,
kila seti na kisanduku chake,
kila kisanduku na jina la mdomo unaosubiri.
Kwenye matuta yanagongana, ka-ka-ka,
kama harusi nzima inayonisengenya kisogoni.

Na miundi yangu je?
Pale plastiki inapoumana na mfupa
ngozi ilikwisha zamani.
Usiku nilibandua soksi polepole
kama mtu anayeiba stempu kwenye bahasha.

Wiki ya kwanza nilifunga sponji ya vyombo.
Mvua ya Aprili ikainyesha, sabuni ya zamani ikaamka,
nikashuka Valley Road nikitoa povu miguuni.
Wiki ya pili, ndara za bafuni, nilizokata kwa kisu cha mkate.
Ngumu mno. Moja iling'oka kwenye mzunguko wa mochari
(pazuri pa kuchagua!)
na gurudumu likaanza kutikisa kichwa,
hapana, hapana, hapana,
nami hewani nimekumbatia meno ya watu.

Nilitua kwa kiwiko. Meno yalipona.

Kiwiko ndicho kilichonipeleka Toi
kwa Kerubo, anitilie kiraka mkono wa jaketi.
Alikuwa akifumua koti la kike la zambarau.
Akachomoa begani kitu cha umbo la nusu mwezi,
kinene huku, chembamba kule,
akakitupa nyuma bila kugeuka.
Nyuma palikuwa na gunia, limejaa.

"Siku hizi hawataki mabega," alisema, pini mdomoni.
"Wanataka nguo ianguke tu, kama imechoka."
"Na hayo unamwekea nani?"
"Nitajuaje? Lakini bega halitupwi."

Nikatwaa moja, nikaliegemeza kwenye muundi.
Lilikaa.
Nakwambia lilikaa, kana kwamba lilipimwa.

Tulishona hadi taa za soko zikawaka.
Matatu mbele, ya kusukumia mwendo,
mawili nyuma, kwenye shavu la mguu, ya kufungia breki.
Juu yake tyubu ya baiskeli iliyopasuliwa,
kisha turubai la bango la kampeni,
uso wa mgombea aliyeshindwa ukitazama ndani.
Gundi ya viatu. Mkanda wa kunata wa begi la shule.
Sindano ya magunia ilimchoma Kerubo mara mbili,
akaitukana kwa Kikisii, taratibu, kwa ufasaha.
Alitaka mia tatu. Alichukua mia mbili na hamsini.

Asubuhi, karibu na Adams, lori la mchanga
likanipita kwa upana wa kiganja.
Upepo wake ulinivuta, kisha ukanitupa.
Nikabana.
Yakabana nami.

Tangu hapo nawaza walioyavaa.
Karani wa benki, mji wa theluji, basi la saa kumi na mbili.
Mwingine labda aliyavaa mahakamani, siku ya talaka,
apate kuwa mpana kuliko hofu yake.
Sasa wapo hapa, chini ya magoti yangu,
wanasukuma, wanazuia, hawaulizi tunakwenda wapi.
Bega kwa bega, wahenga walisema.
Sidhani walimaanisha hivi.

La kushoto linavuja uzi tayari. Jumamosi nitarudi Toi.
Lakini leo nimepita matuta yote
na mgongoni kimya.
Kimya hadi nikaogopa,
nikasimama kando ya barabara, nikafungua begi,
kuhakikisha meno bado yapo.