Kuhesabu Sahani

Miguuni mwa Nyemo, madoa mekundu,
madogo, kama ulezi uliomwagika.
Hayawashi. Hayafutiki hata kwa mate ya bibi.
Wiki ya pili tangu sindano ya surua, Kibaigwa.

Niliinama juu ya hadubini nikahesabu.
Nikafuta kioo. Nikahesabu tena.
"Chembe sahani zimepungua," nikamwambia mama yake.
Akacheka kwa woga: "Sahani?
Nyumbani ninazo sita, moja ina ufa."

Ni sindano?
Huenda, nikasema. Huenda pia yale mafua ya juzi.
Humpata mmoja katika makumi ya maelfu,
na mara nyingi huisha yenyewe.
"Makumi ya maelfu," akasema. "Mimi ninaye huyu."

Nikanyamaza. Nikajaza fomu ya taarifa
kwa herufi kubwa, bila kuruka kisanduku.
Ng'ambo ya ua, kwenye chumba cha kutengwa,
mtoto ambaye hakuchanjwa alikuwa akikohoa.
Mama Nyemo alisikiliza kila kikohozi.

Jumanne ya tatu vumbi likagonga dirisha.
Nikahesabu: zimerudi.
Nikahesabu tena, kwa raha zangu tu.

"Hata ile yenye ufa?" akauliza.