Fuata Kisigino Changu

Siku nne, vibanda vitatu, watu wanne nyuma yangu.
Niliwaambia mapema, pale Shimo la Mungu,
ukungu umejaa bondeni kama uji unaotaka kufurika:
atembeaye nami hanitangulii, habaki nyuma,
hapigi picha ukingoni.
Tekla wa Ndanda alicheka. Ulriki hakucheka.
Kwao, alisema, iko milima ya theluji,
watu huteleza juu ya mbao mbili ndefu
kibanda hadi kibanda, kiongozi mbele,
na asiyemfuata kiongozi
huja kufukuliwa kwa koleo mwezi wa nne.

Nikamwonyesha mchanga wetu wa Newala.
Vua viatu, nikasema. Huu haupandwi kwa ugomvi.
Kanyaga nilipokanyaga. Mguu ukizama
usiuvute kama mtu unayemdai.

Usiku wa kwanza, dungu la Bi Asumini Likanga:
nguzo nne, nyasi, ngazi ya mianzi
yenye kipandio kibovu, cha tatu kutoka chini
(nakitaja kila safari, na kila safari kuna mtu).
Tulikula mbaazi, tukala ming'oko,
maji tukapimiwa: kikombe cha koo,
nusu kikombe cha uso.

Alfajiri mashine za salfa zikaamka mikoroshoni.
Unga ukapanda, ukatanda, ukatua
juu ya majani, juu ya nyasi, juu ya kope za Ulriki.
Akasimama katikati ya shamba ameinua viganja,
mtu mzima na ndevu zake,
akasema neno la kwao, sikuuliza maana.
Nikampa kitambaa afunge pua.
Theluji haiwashi macho, nadhani. Hii inawasha.

Siku ya tatu ukungu ulitukuta kwenye genge.
Sikuona vidole vyangu.
Niliwafunga kwa kamba ya kisimani, kiuno kwa kiuno,
nikavua kandambili nisome njia kwa nyayo:
hapa jiwe kama mgongo wa kobe,
hapa mzizi,
hapa mchanga unapoa ghafla, geuka kushoto.
Nyuma, sauti ya Ulriki:
"Somoe, nani alichonga njia hii?
Vidaraja vyote sawa, kila kona na pumziko lake.
Huyo alikuwa fundi!"

Ndoo, nikamwambia.
Ndoo ya mama, ndoo za dada zake, yangu nikiwa na miaka tisa.
Saa nane usiku tunashuka chemchemini,
jua linatukuta tunapanda, shingo zimeingia mabegani.
Vibanda mnavyolala havikujengwa kwa ajili ya mandhari.
Ni mahali pa kutua.
Kile cha jana ndimo alimozaliwa binamu yangu:
shangazi alitua ndoo kwanza, kisha akatua mtoto,
na hakumwaga.

Kamba ilikaza, ikalegea, ikakaza.
Mpaka kibandani nilisikia pumzi zao tu.

Mteremko wa mwisho ni mchanga mtupu, hadi karibu na chemchemi.
Ulriki akaniomba, kwa adabu, nimpishe mbele.
Kunja magoti, akasema. Mwili ubavu. Usiangalie miguu.
Akaenda! Akachora nyoka mrefu mchangani.
Tekla akafuata akipiga mayowe,
na wale ndugu wawili wa Masasi, mmoja kwa makalio.
Nikabaki juu peke yangu.
Miaka arobaini na sita, na mteremko huu
sijawahi kuushuka kichwa kitupu.
Mkono wangu ulikwenda wenyewe kushika ndoo
ambayo haikuwepo.
Nikakunja magoti.

Chini, hatua thelathini kutoka chemchemini,
Ulriki alifungua chupa, yale maji ya Bi Asumini,
akaosha miguu avae viatu.
Mchanga uliyanywa yote, haukuacha hata alama.
Nilimtazama. Nilikuwa bado nahema,
mchanga umejaa mpaka ndani ya kilemba,
nikaitafuta hasira yangu
na sikukumbuka nimeiweka wapi.