Wanga

Walisema Leya anawanga.
Sikuwabishia, maana ilikuwa kweli:
saa nane usiku, Ilembo imejifunika ukungu gubigubi,
dirisha la dada yangu peke yake limekodoa,
na ndani sufuria inanong'ona.

Viazi vyake ni vile vilivyokataliwa,
vidogo, vyenye kovu la jembe,
vilivyobaki njiani lori lilipoondoka na lumbesa
iliyoshonewa kofia juu ya gunia.
Alivikuna, akavikamua kwa kipande cha kanga,
maji akayaacha yatulie kwenye beseni
hata chini kukalala kitu cheupe
kinacholia chini ya kidole kama kiatu kipya.
Wanga uleule mama aliotia kwenye kola za kwaya,
kola zikasimama wima mpaka baraka ya mwisho.

Mimi kazi yangu viriba.
Elfu moja kwa siku: udongo, gonga, panga.
Msimu wa kupanda, wembe: chana, vua, tupa.
Mpaina unapanda kilimani uchi,
kiriba kinabaki.
Kinabaki mferejini, kinabaki kwenye kabichi,
na siku tulipompasua ng'ombe wa Mwampashi,
aliyekufa amevimba pasipo kuugua,
tulikikuta tumboni, kimekunjwa kama barua
asiyekuwepo wa kuisoma.

Leya alikitazama. Hakusema neno.
Kesho yake akaazima sufuria.

Ngozi ya kwanza ilikunywa mvua ikalewa,
ikaanguka pamoja na mche wake.
Ya pili ilikauka, ikapasuka
kama visigino vyetu mwezi wa saba.
"Basi tuipake tunachopaka visigino,"
akachukua glisirini ya mama dirishani.
Ikalainika, ikakunjika, ikapendeza.
Ila na maji bado ilikuwa na urafiki.

Akanielezea kwa shanga za mwanawe:
huu ni uzi mrefu wa sukari,
kila shanga ina vijikono,
na kila kijikono kinayapungia maji, karibu, karibu.
"Huwezi kuvikata. Vipe kitu kingine cha kushika."
Akanunua unga wa ndimu Mbalizi,
akauchanganya na wanga, akakausha,
akauoka katika tanuri la Tumpale
mikate ikishatoka, moto umebaki wa kiasi.
Ndimu ikashika uzi huu kwa kushoto,
uzi ule kwa kulia,
maji yalipobisha hodi yakakuta mikono imeshikana.
(Tumpale analalamika hadi leo:
wiki nzima wateja walirudisha mikate,
eti michachu.)

Viriba arobaini.
Kumi na tisa viliraruka kabla ya wiki ya tatu.
Viwili, panya.
Kimoja alikila ndama wetu, tukakesha na kibatari
tukimpapasa tumbo, mimi nikiomba,
Leya akihesabu saa kwenye daftari.
Alfajiri akacheua,
akatutazama kama watu wasio na kazi.
Hapo ndipo dada yangu alipocheka, mara ya kwanza tangu mvua:
"Nilikuwa nawangia hiki."

Kumi na vinane vilivyobaki tulivipanda bila wembe,
mche na nguo zake.

Mwezi wa nne nikapanda kilimani peke yangu.
Nilichagua mche mmoja, nikafukua kwa vidole,
nikakitafuta kiriba kwa mazoea,
kama mtu anavyopapasa mfukoni
funguo za nyumba aliyokwishahama.
Mizizi ilikuwa imepita pande zote, myeupe, haina adabu.
Pembeni, utando mdogo wa kuteleza,
kama uji uliosahaulika kwenye mwiko.
Nikaunusa: udongo,
na, kama siongopi, ndimu kidogo.

Nikafukia haraka, kama mwizi,
asije mtu akaniona nami nawanga mchana.